Macho ya Dani

Jana jioni mtoto alikuwa anachakura lile boksi la picha chini ya kabati, akanijia na ile ya ufuo wa Dunga, Kisumu, mkononi. "Baba, mbona Dani hana macho?" Nikanyamaza. Swali hilohilo Dani mwenyewe, yaani nyanya yangu, aliniuliza, kwa picha hiyohiyo, 2014, tukiwa tumesimama kando ya ziwa.

Ilikuwa harusi ya dada yetu wa pili. Asubuhi yote kanisani nilipiga RAW, yaani faili ghafi ya kamera, maana ndivyo nilivyofunzwa na ndivyo napenda hadi leo, RAW inakutunzia kila mwanga ambao kamera imeshika, hata rangi zikitoka na umanjano wa taa unarekebisha baadaye bila kuumiza picha. Lakini ni nzito. Kamera yangu ya megapikseli 18 ilikuwa inakula karibu megabaiti 25 kwa picha moja, na nilikuwa na memori kadi moja tu ya gigabaiti 8, nyingine ilibaki Kondele kwa mfuko wa suruali. Kufika kukata keki, zimebaki picha 19. Wazee bado, ngoma bado. Nikahamia JPEG, faili ndogo ambayo kamera imeshaibana, hesabu ikaruka mpaka sabini na kitu, nikapumua.

Sasa, kama saa kumi na mbili na nusu hivi. Jua limeshuka karibu na maji, ziwa lote limekuwa shaba, vijana wanapanga taa kwa mitumbwi waende kuvua omena. Dani akainuka kwa kiti mwenyewe, hakuna aliyemwita, akatembea na fimbo yake hadi pale mafunjo yanapoishia, akageuka kuniangalia, jua liko nyuma yake kabisa. Kitambaa chake cheupe kikawaka. Akacheka, lile pengo likaonekana, nikabonyeza.

"Lete nione."

Akashika kamera kwa mikono miwili, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. "Huyu ni mimi? Mbona sina macho?"

Kamera ilikuwa imepima mwanga wa anga, uso wake mweusi mzuri ukabaki kivuli. Nikamwambia kwa uhakika kabisa, "Usijali Dani, yamo humo ndani, nikifika kwa kompyuta nitakutolea." Akaridhika, akanirudishia. Nilikuwa nimesahau kwamba niko JPEG.

Usiku huo nikafungua leptopu. JPEG inabaki na ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, RAW ya kamera ile ilikuwa biti 14, yaani ngazi 16,384, halafu JPEG ikishabana faili inatupa vitu vidogovidogo na huvirudishi tena. Nikavuta kivuli juu, paji likatoka, shavu likatoka, pale pa macho vikaja viboksi vya kijani na vyekundu. Kitambaa nacho kilikuwa kimeungua, weupe mtupu, hata mshono huoni.

Aliniulizia picha yake mara mbili kwa simu. Nikasema bado naishughulikia, Dani. Krismasi hakuifikia.

Nimeliwaza hili miaka mingi. Ningebaki RAW, zile 19 zingeishia kwenye ngoma, angenikuta kadi imejaa na hata kivuli hiki nisingekuwa nacho. Au labda ningefuta tatu nne za keki, nani angezililia? Siku hizi napiga zote mbili kwa pamoja, RAW na JPEG, natembea na kadi tatu, na mzee yeyote akisimama jua likiwa nyuma yake namshika mkono namgeuza kwanza.

Nikamwambia mtoto macho yapo, yalikuwa yanacheka. Akasema basi nionyeshe. Faili ninayo bado, tukakaa wote mbele ya leptopu, nikaanza tena kuvuta kivuli polepole, paji, shavu, viboksi. Akaweka kidole juu ya kile cha kijani.

"Hili ni la kushoto," akasema.