Siku yangu moja na Babu wa kahawa, Ngamiani

Saa 9:30 usiku

Kinachoniamsha ni kinu. Babu yuko uani, anatwanga buni alizokaanga jana jioni, na kila pigo linapita ukutani hadi kwenye mto wangu. Nanawa uso, natoka.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu. Umeota nini leo?"

Kila siku lazima aulize. Namweleza ndoto kama ninaikumbuka, napokea mtwangio, naye anakaa kwenye kigoda kuchekecha. Anachekecha kwa vidole zaidi ya macho. Jicho la kushoto limefungwa kabisa na mtoto wa jicho, la kulia lina ukungu. Unga ukiwa bado na chenga anazihisi kati ya kidole gumba na cha shahada, ananirudishia kinuni bila kusema neno.

Hatuna undugu wowote. Nina miaka 17, nimemaliza mtihani wa kidato cha nne Novemba hii, yeye ana 71. Tunapanga nyumba moja ya vyumba sita hapa Ngamiani, Tanga: mimi, mama na mdogo wangu chumba kimoja, Babu chumba cha pili, ukuta mmoja katikati. Mwaka mzima wa kwanza ilikuwa shikamoo na marahaba, basi.

Nilipofika kidato cha tatu nikaanza kuamka usiku kusoma, kwa sababu ndio wakati pekee nyumba inapotulia. Ila kile kinu! Usiku mmoja nilitoka na daftari mkononi, nimevimba, nimwambie anipumzishe. Kabla sijafungua mdomo akaniwahi: "Unasoma nini saa hizi?" Nikamjibu, historia. "Basi kaa hapo usome kwa sauti, na mimi nisikie."

Nikasoma kwa hasira. Ilikuwa habari ya mkonge: kwamba mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62. Mtwangio ukasimama hewani.

"Sitini na miwili tu?"

"Ndiyo, Babu."

"Basi hiyo sitini na miwili ndiyo iliyomtoa baba yangu Kigoma."

Baba yake alikuwa manamba. Aliletwa kwa mkataba, akapewa kipande, yaani kadi ya kazi, chenye namba, na shambani aliitwa kwa namba hiyo. Babu alizaliwa kambini, akakata mkonge tangu hajaota ndevu hadi nailoni ilipoangusha bei ya katani na mishahara ikaanza kuchelewa. Usiku ule alinionyesha kovu la kiganja cha kushoto. Jani la mkonge lina mwiba nchani, mgumu kama msumari, na mkataji akisahau kuukata kwanza, fungu zima analibeba na ule mwiba. Tangu hapo kila nilichosoma mchana nilimsomea usiku. Mwalimu wangu wa historia hajui kwamba kwenye mtihani wa majaribio, moko, swali la mashamba ya wakoloni nililijibu huku nikikiona kile kiganja.

Saa 11:00 alfajiri

Dele, birika la kahawa, liko juu ya jiko lake, mkaa umeshika. Mimi nabeba dele, yeye ndoo ya maji na vikombe. Zamani alibeba vyote viwili mwenyewe, lakini goti limekataa. Kituo cha kwanza ni baraza la wazee wanaotoka msikitini.

Ningependa umwone akimimina. Mkono unatetemeka kidogo anapoinua dele, lakini kahawa ikianza kushuka unatulia. Hatazami kikombe, anakisikiliza: mlio wa kikombe kitupu ni mzito, kinapojaa unakuwa mwembamba, na sauti ikifika pale anapopajua anakata. Hamwagi tone. Nimejaribu usiku, nimefumba macho, na maji ya kawaida. Nimelowesha sakafu mara nyingi kuliko nilivyojaza kikombe.

Saa 12:30 asubuhi

Kijiweni kwa bodaboda. Kikombe shilingi 100, kashata 100. Leo ubishi ni bomba la mafuta, lile linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa kwetu, kilomita 1,443. Kila kijana wa Tanga ana hesabu yake juu ya bomba hilo. Mmoja akauliza kwa nini linahitaji kupashwa moto njia nzima. Babu akanigeukia mbele ya watu wote: "Mjukuu, waeleze."

Nikawaeleza kwamba mafuta yale yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba lazima litunze joto la kama nyuzi 50 mpaka baharini. Babu akatikisa kichwa. "Sawasawa na sukari ya kashata. Ukichelewa, inakugandia kwenye sufuria." Wote wakaelewa palepale, na mimi pia nikaelewa vizuri kuliko nilivyoelewa nilipoisoma.

Nyumbani kwetu sijawahi kuombwa kueleza kitu mbele ya watu wazima. Mama ananipenda, lakini anaamkia soko la Mgandini na kurudi amechoka. Babu ndiye aliyenizoesha kusikia sauti yangu mwenyewe ikisema jambo lenye maana.

Saa 4:00 asubuhi

Nalala hadi adhuhuri. Joto la kaskazi ni kali, halina huruma.

Saa 8:00 mchana

Kashata ndiyo kazi niipendayo. Zamani zilikuwa za mkewe, marehemu Bibi, ambaye mimi sikumkuta. Alipofariki Babu akawa ananunua za watu, na wateja wakasema si zile. Mwaka jana akaniita: "Mimi sioni, lakini pua ninayo. Wewe tia macho na mikono."

Nakaanga karanga, napeta maganda. Nabandika sukari, nakoroga. Inayeyuka, inakuwa rangi ya asali, povu linapanda. Hapo Babu yuko mlangoni, kichwa amekiinua kama anayesikiliza redio ya mbali.

"Bado."

Natazama sufuria, naiona kama iko tayari.

"Bado... bado... Ipua!"

Naipua, namwaga karanga, nakoroga mbiombio, namimina kwenye ubao uliopakwa mafuta, nasukuma kwa chupa. Kisu kipite kwa mshazari kashata zikiwa bado za moto, maana dakika moja baadaye utakuwa unavunja mawe. Mwezi wa kwanza nilimwaga sufuria nne zilizoungua, na sukari ilikuwa ya fedha yake. Hakunipigia kelele hata mara moja. Alinusa tu, akasema, "Hiyo imepita. Kesho."

Leo alipoonja kipande cha pembeni alitafuna polepole, akanyamaza. Kisha akasema, "Hii ni yake." Nikageukia dirishani kukata zilizobaki, kwa sababu sikujua uso wangu niuweke wapi.

Saa 9:30 mchana

Nasoma ujumbe wa simu yake. Wa leo: "Ile hela itume kwenye namba hii." Mwaka juzi, kabla hajaniamini na simu, aliwahi kuituma kweli. Alidhani ni mwanawe aliyeko Dar. Ilikuwa fedha ya kodi ya chumba ya miezi miwili. Nafuta ujumbe, namwambia nimefuta, naye anauliza kama huyo mtu ana mama.

Saa 10:30 jioni

Mzunguko wa pili, kwa wacheza drafti. Rafiki zangu wanapita kwenda mpirani, mmoja ananiambia nitaota mvi kabla ya wakati. Simjibu vibaya. Sina namna ya kumweleza haraka ninachokipata hapa.

Mgeni mmoja akauliza, "Mzee, huyu mjukuu wako wa damu?"

"Wa ukuta," akajibu Babu, akaendelea kumimina.

Saa 2:30 usiku

Tumehesabu fedha na kuosha vikombe. Babu amepewa tarehe ya upasuaji wa jicho la kulia, mapema mwezi ujao. Nilimuuliza kwa nini sasa, wakati kwa miaka miwili mama na wapangaji wote tulimbembeleza akakataa.

Alijifunza kusoma mwaka 1970, Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, chini ya mwembe wa kambini, akiwa na umri huu wangu. Kitu cha kwanza alichokisoma peke yake ni namba ya baba yake kwenye kipande cha zamani. Alinieleza hayo huku akifuta dele.

"Matokeo yenu yanatoka Januari?"

"Ndiyo, Babu."

"Yanabandikwa kwa majina?"

"Kwa namba."

Akacheka kidogo. "Nayo namba. Nipe yako. Nataka nikaisome mwenyewe."

Nikamtajia tarakimu nne za mwisho. Akanitaka nizirudie mara mbili ahakikishe, akaniaga, akafunga mlango. Sasa niko kitandani naandika haya kwenye simu, na upande wa pili wa ukuta bado namsikia akizirudia taratibu: sifuri, sifuri, nne, saba.