Tulipomfuata Furukombe Hadi Five Islands

Nilitoka zamu ya usiku saa kumi na moja alfajiri, nikapitia moja kwa moja kwa mama jirani. Sikuhitaji kugonga. Alikuwa ameshasimama dirishani, makoti mawili mwilini, kitenge kimefungwa juu ya kofia ya sufu, chupa ya chai kwapani na mfuko wa maandazi mkononi.

"Twende, mwanangu," akasema, "ile ndege isituponyoke."

Ilikuwa Januari 2022. Tunaishi Portland, jimbo la Maine, ile pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani inayopakana na Kanada. Mimi ni mtu wa Tanga. Yeye ni wa Uvira, amezaliwa na kukulia kando ya Ziwa Tanganyika. Mtaani kwetu Wakongo, Warundi na Wanyarwanda si haba, kwa hiyo Kiswahili hakijanikauka mdomoni. Majira ya baridi yaliyotangulia nilimwomba anifuate Biddeford Pool tukatazame bundi weupe wanaoshuka kutoka Aktiki, akakataa katakata. Bundi kwao na kwetu ni yule yule wa habari mbaya, na sikumshikilia. Ila safari hii nilipomtajia furukombe, uso ulimchangamka. Furukombe ndiye ndege wa utoto wake, yule mwenye kichwa cheupe anayelia juu ya ziwa asubuhi wavuvi wanaporudi na ndagala.

Huyu tuliyekuwa tunamfuata si wa Tanganyika, ila ni wa ukoo mmoja naye. Anaitwa furukombe wa Steller, kwa jina la Georg Wilhelm Steller, Mjerumani aliyesafiri na Vitus Bering hadi Alaska mwaka 1741. Makao yake ni Kamchatka na pwani za Bahari ya Okhotsk, mashariki ya mbali ya Urusi. Baridi ikizidi huko, wengi huteremka hadi Hokkaido, Japani. Uzito wake hufika kilo 9, na mabawa akiyakunjua hupata karibu mita 2 na nusu. Duniani kote wapo elfu chache tu. Sasa mmoja wao alikuwa amevuka bara zima. Alionekana Alaska Agosti 2020, kiangazi cha 2021 akawa Quebec na New Brunswick, Novemba akawa Nova Scotia, na tarehe 20 Desemba akatua kando ya mto Taunton, Massachusetts. Watu walizilinganisha picha, wakatazama madoa meupe ya bawa lake, wakaona ni yeye yule. Kisha tarehe 30 Desemba habari ikatufikia kwamba yuko Georgetown, mwendo wa saa moja na kitu kutoka mlangoni kwetu.

Nilipaswa kufurahi tu, na kweli nilifurahi. Lakini safari nzima ya kwenda nilikuwa na hofu, na mama aliijua sababu yake.

Miaka mitatu nyuma, katika bustani ya Deering Oaks iliyo katikati ya Portland, alitokea mwewe mkubwa mweusi ambaye kwao ni kuanzia Mexico hadi Argentina. Aprili 2018 alikuwa amepigwa picha kisiwa cha South Padre, Texas. Agosti akaonekana Biddeford, na kufikia mwisho wa Novemba akawa hapa mjini, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka alikopigwa picha ile ya kwanza. Alikaa bustanini wiki kadhaa akiwinda kindi. Nilimwona kwa macho yangu mchana mmoja wa Desemba, kwenye tawi la mwaloni lisilo na jani hata moja, akichana nyama taratibu, na chini yake umati wa watu waliotoka majimbo mengine wakiwa na kamera zenye lenzi ndefu kama bomba. Mama naye alikuwa akipita pale kila siku kwenda darasa la Kiingereza. Alisimama karibu yangu, akatazama, akasema neno moja tu: "Miguu."

Nikaitazama. Mirefu, myembamba, ya manjano, haina hata unyoya. Alikuwa ameukunja mguu mmoja ndani ya manyoya ya tumbo, akaushusha, akaukunja wa pili. Alifanya hivyo muda wote tuliokaa pale.

Jumapili ya tarehe 20 Januari 2019 ilipiga dhoruba ya theluji, na wapita njia wakamkuta chini, hawezi kusimama. Alipelekwa kwenye kituo cha kutibu ndege, wakajitahidi siku kumi na moja. Baridi ilikuwa imeshaua nyama ya miguu, damu haifiki tena, na ndege wa mawindo asiye na miguu hana maisha. Tarehe 31 Januari wakamlaza kwa dawa asiteseke zaidi. Mji ulimlilia kweli, na leo sanamu yake iko pale pale bustanini. Mimi nilibaki na swali ambalo sikupenda kuwa nalo: je, siku ile tulikuwa tunasherehekea nini pale chini ya mwaloni?

Kwa hiyo alfajiri ile, tukipita Brunswick gizani, mama alimega andazi, akanipa kipande, akauliza, "Na huyu, baridi ataiweza?"

Nikamwambia kwao ni baridi kuliko hapa. Kule bahari yenyewe huganda, na wao hukaa juu ya barafu wakila samaki. Akaitikia kwa kichwa, lakini nilijua atataka kuona mwenyewe.

Tulifika Bath kunapambazuka. Winchi za kiwanda cha meli za kivita zilisimama juu ya mto Kennebec, taa zake bado zinawaka. Ukivuka daraja unakata kulia, unaingia barabara namba 127, na hapo mji unakwisha. Barabara inapinda katikati ya misonobari na vidaka vya bahari vilivyojaa barafu. Maji yakikupwa, barafu ile hubaki imelala juu ya matope ikiwa mabamba mabamba, imepasuka kama sahani iliyoanguka. Pwani ya Maine imechanika hivyo kote, rasi na visiwa na mikono ya bahari, na labda ndiyo sababu ndege wageni huipenda: maji ya chumvi yanayokwenda na kurudi hayagandi kwa urahisi, na palipo na maji wazi pana chakula.

Five Islands, huko huko Georgetown, ni gati dogo la wavuvi wa kambakoche. Madema yao ya waya yalikuwa yamepangwa juu ya mbao, yamevikwa theluji, na nilipoyaona nilikumbuka madema ya fito ya wazee wetu Tanga. Kazi ni ile ile: mlango mpana kwa kuingia, mwembamba kwa kutokea. Magari yalishajaa. Nilihesabu namba za majimbo saba pale kwenye maegesho. Watu wapatao arobaini walikuwa wamesimama mstari mmoja, darubini kwenye vigoda vya miguu mitatu, na hakuna aliyepaza sauti. Kijana mmoja aliyekuwa ameendesha usiku kucha alitupisha nafasi bila kuombwa alipomwona mama.

"Bado," akatuambia. "Jana alikuwa kisiwa kile."

Tukasubiri. Nasema tukasubiri, lakini kwa mtu anayependa ndege saa zile hazikuwa za bure. Bata wenye mikia mirefu walikuwa wakiitana katikati ya mlango wa bahari, sauti yao kama watu wanaozungumza chumba cha pili. Bata wadogo wenye vichwa vyeupe walipiga mbizi, wakazuka, wakapiga tena. Na kwenye mwamba uliokuwa ukilambwa na mawimbi, vitwitwi wa rangi ya jiwe walikuwa wakikimbia mbele ya povu. Hao huzaliana Aktiki na kukaa hapa baridi nzima, wakati jamaa zao wanapita juu yetu kwenda mbali. Nilipokuwa mtoto niliwaona vitwitwi wa namna nyingine kwenye matope ya Tanga wakati wa kaskazi, nikidhani ni ndege wa kwetu tu. Kusi likija hutoweka, isipokuwa wachache, wengi wao wachanga, ambao hubaki mwaka mzima. Babu aliwaita walioachwa na jahazi.

Mama alikuwa anawatazama bata. "Hawa miguu yao iko ndani ya barafu," akasema. "Kwa nini haifi?"

Hilo niliweza kumjibu. Mshipa unaoteremsha damu ya moto mguuni umelala ubavuni mwa ule unaopandisha damu baridi. Joto linahamia ng'ambo njiani, kwa hiyo damu inayofika vidoleni imeshapoa, na inayorudi moyoni imeshapata moto. Mguu unabaki na ubaridi unaokaribia wa maji yenyewe, lakini haugandi, na mwili haupotezi joto lake. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ni akili ya mtu anayebana kuni.

Ilipata kama saa tatu na nusu asubuhi mwanamke mmoja mwishoni mwa mstari alipoinua mkono. Kunguru walikuwa wameanza kelele upande wa pili wa maji. Kisha furukombe wawili wa Marekani, wale wenye kichwa cheupe, wakaruka kutoka misonobarini wakizunguka kwa hasira. Kwa kawaida hao wawili ndio wangekuwa tukio la asubuhi. Chini yao, kwenye kilele cha msonobari, kikasimama kitu nilichokidhania mtu.

Sijui nieleze vipi ule ukubwa. Furukombe wa Marekani alipita karibu naye, akaonekana kama mwewe. Mwili mweusi wa makaa, mabega meupe, mkia mweupe, mapaja meupe kana kwamba amevaa suruali ya Idi. Na mdomo: wa manjano iliyoiva kama embe dodo, mnene, mrefu, umeanzia karibu na macho na kupinda mpaka chini. Mstari mzima wa watu ulishusha pumzi kwa pamoja, mvuke ukapanda. Mzee aliyekuwa kushotoni mwangu alikuwa analia, wala hakujifuta.

Mimi nilishusha darubini kutoka kwenye mdomo, nikapita kifuani, nikaitafuta miguu.

Ilikuwa ya manjano, minene kama kifundo changu cha mkono, vidole vimelikumbatia tawi na kucha zimezama ndani ya gome. Theluji ilikuwa juu ya tawi, naye alikuwa ameikanyaga. Nilihesabu kimoyomoyo nikisubiri aukunje mmoja. Dakika tano zikapita, kumi zikapita. Upepo ulimpeperusha manyoya ya kisogoni, na miguu yote miwili ikabaki pale pale.

Nikampisha mama kwenye darubini. Alikaa sana, jicho moja limefumbwa, kitenge kinapepea.

"Iko mukubwa," akasema mwishowe. "Iko muzima."

Wale wawili waliporudi kumshambulia, alijiachia kutoka kileleni bila haraka, akakunjua mabawa, na nikaelewa kwa nini wavuvi wa gatini walikuwa wakimfananisha na mlango unaoruka. Akapiga mara nne, tano, akakata mbele ya kisiwa, weupe wa mabega ukiwaka na kuzimika, mpaka misonobari ikamficha. Watu walibaki wamekaa kimya. Kisha wakaanza kukumbatiana, na kijana wa usiku kucha akamkumbatia mama, naye akampa maandazi yote yaliyobaki.

Kabla hatujaingia garini mama alimrekodia kaka yake ujumbe wa sauti. Kaka huyo bado ni mvuvi Uvira. Alimweleza ule mdomo, yale mabega, kwamba furukombe wa ziwani angepita chini ya bawa lake, na kwamba ametoka Urusi peke yake. Jibu liliingia tukiwa Arrowsic, na nyuma ya sauti ya kaka ilisikika injini ya mtumbwi.

"Dada, muulize huyo kijana: inalia kama ya kwetu?"

Mama akanigeukia. Nikajaribu kukumbuka. Kunguru walilia, wale wawili wenye vichwa vyeupe walilia, bata walizungumza asubuhi nzima.

Akabonyeza simu, akaisogeza mdomoni. "Hapana, kaka," akasema. "Ilinyamaza tu."

Akailaza simu pajani, tukavuka daraja la Kennebec.