Pilau ya mbuzi na chupa ya Guigal

Watu wengi hapa Mombasa ukiwatajia waini nyekundu wanawaza steki na mambo ya uma na kisu, mie nasema lete sinia ya pilau ya mbuzi alafu fungua Côtes du Rhône nyekundu (waini ya bonde la mto Rhône kule Ufaransa) ya familia ya E. Guigal, uone vile vinashikana.

Manake hii waini ni mchanganyiko wa zabibu tatu, Syrah, Grenache na Mourvèdre kidogo. Côtes du Rhône nyingi zinaegemea Grenache, lakini Guigal anajaza Syrah kwa wingi na hapo ndo raha yenyewe ilipo, kwa sababu Syrah ina kitu kinaitwa rotundoni, ndio hicho hicho kinachoipa pilipili manga harufu yake, wataalamu wa Australia walikitambua kwa zabibu 2008. Sasa niambie pilau yetu ni nini bila pilipili manga? Ukishatwanga masala yako, bizari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu, na ile pilipili manga nzima unayokutana nayo kwa wali, ukipiga funda moja ni kama waini nayo imepitia kwa kinu. Grenache inaleta utamu wa tunda lililoiva, Mourvèdre inaipa uzito. Na ile tanini, ule ukavu unaoshika fizi, inakata mafuta ya mbuzi vizuri sana.

Hao Guigal wenyewe historia yao naipenda. Mzee Etienne Guigal alianza kazi akiwa kijana mdogo kwa kampuni ya waini ya Vidal-Fleury, pale kijiji cha Ampuis kusini ya Lyon, ukingoni mwa mto Rhône. 1946 akafungua yake. 1961 macho yakampotea, mwanawe Marcel akashika kazi na hata miaka 20 hajafika. Miaka ya 80 familia ikainunua ile ile Vidal-Fleury mzee alikoanzia kazi! Leo Philippe, mtoto wa Marcel, ndiye anayetengeneza. Wana waini za bei ya kutisha kama La Mouline na La Landonne, lakini hii ya kawaida hawaifanyii haraka, inakaa kwa mapipa makubwa ya mwaloni kabla kutiwa chupani, ndo maana naiheshimu.

Sasa sikiza, joto letu. Wanaosema waini nyekundu inywewe na joto la chumba wanazungumzia vyumba vya Ulaya, sio sebule ya Kisauni mwezi wa pili. Hii ina pombe asilimia 14 na kitu, ikipata joto la hapa inakupanda puani na tunda lote linapotea. Weka kwa friji mpaka ifike nyuzi 16 mpaka 18 za Selsiasi, alafu mimina. Na tafadhali usiiweke kabati la juu ya jiko, utaiua.

Kachumbari iwepo ila pilipili mbichi punguza, ukali wake unafanya pombe iwashe na tanini ikaze mdomoni. Mishkaki ya ng'ombe iliyoungua kidogo pembeni, hiyo ndo nambari mbili kwangu, ukwaju wa kuchovya usitiwe sukari nyingi. Biriani pia inaenda lakini sio kwa nguvu ya pilau, vile vitunguu vya kukaanga vinaleta utamu unaoifanya waini ionekane chachu.

Samaki wa kupaka hapana jamani. Tanini na samaki vikikutana unapata ladha ya chuma, na nazi yote imeharibika bure. Siku ya kupaka tafuta Côtes du Rhône nyeupe ya hao hao Guigal, zabibu ya Viognier ndo nyingi humo, inanukia maua na pichi, na hiyo iache kwa friji ipoe sawasawa.