Kumbukumbu ya mradi: kompyuta ya radari za nyuma, Goma

Hali ya gari lilipoingia: radari 4 (vihisi vinavyopima umbali wa kizuizi kwa mawimbi ya sauti) kwenye bampa ya nyuma, hakuna za mbele. Ukitia rivasi, mlio mmoja wa kama sekunde 3, kisha kimya. Fundi wa kwanza alisema kompyuta imekufa, inunuliwe nyingine. Lakini kwenye magari mengi mlio huo ni kompyuta yenyewe ikilalamika, na maiti hailalamiki. Ingekuwa kimya kabisa tangu mwanzo, tungeanza na fyuzi.

Jumamosi ya 1. Breki ya mkono imevutwa, mawe chini ya magurudumu, injini imezimwa, kontakti imewashwa, gia ya rivasi. Ukitega sikio kwenye radari nzima utasikia tik-tik-tik hafifu. Hapa tatu zilisikika sekunde za mwanzo, ya ndani kushoto haikusikika. Fanya haraka, maana kompyuta nyingine huzizima zote zikiona kosa moja.

Kuitafuta kompyuta: usibomoe buti nzima, fuata waya. Zilitoka kwenye bampa, zikapita kwenye mpira wa tundu la bodi, zikapanda kushoto nyuma ya kitambaa cha pembeni, chini kidogo ya taa. Hapo pana kompyuta yenyewe, kijisanduku cheusi cha ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye plagi mbili: moja ya umeme na mawasiliano, nyingine ya radari. Kitambaa kilikuwa kimelowa. Piga picha, zima kontakti, toa waya hasi wa betri, subiri dakika 5, ndipo uchomoe.

Jumamosi ya 2. Pini mbili zina kutu ya kijani. Alkoholi ya isopropili ya 90% au zaidi, mswaki laini, kisha kuanika kivulini nusu siku. Petroli hapana: inakula plastiki na kuacha mafuta.

Kusafisha bila kuziba maji ni kazi bure. Mmoja alimimina maji polepole juu ya taa, mwingine akamulika ndani kwa tochi: tone lilipita chini ya mpira wa taa. Mpira umekakamaa, na chini yake pamejaa vumbi jeusi la lava, lile la barabara zetu, kwa hiyo haukai sawa. Mpira mpya umewekwa baada ya kufuta kabisa. Kijisanduku kimerudi plagi zikitazama chini, na waya zimeachwa zining'inie kidogo kabla ya kupanda, ili tone lidondoke lisiingie.

Jumamosi ya 3. Ya ndani kushoto bado. Tuliibadilisha na ya ndani kulia: kosa halikuhama, basi si radari, ni waya au kompyuta. Plagi za pande zote mbili zikiwa zimechomolewa, mita (kipimo kinacholia waya ukiwa mzima) ililia na kunyamaza kila mara waya wa ishara ulipotikiswa. Umekatika ndani ya ganda, pale unapojikunja kwenye mpira wa bodi. Umeunganishwa kwa risasi na kufunikwa mrija wa kusinyaa kwa moto. Kusokota na skochi ni kurudi gereji masika yakianza.

Pete ya mpira inayozunguka kila radari imerudishwa. Ikikosekana, mtetemo hupita kwenye bampa na radari hujisikia yenyewe, ikidhani kuna ukuta.

Jaribio: bomba la PVC lililosimamishwa mbele ya kila radari. Mlio unakaza kadiri linavyosogea, na kufikia kama sm 30 unakuwa mmoja mfululizo. Kitambaa cha buti hakijafungwa bado. Gazeti kavu limetandikwa chini ya kijisanduku, litakaguliwa baada ya mvua mbili.