Ritifaa ya ng'ombe na bei ya SMS

Ujumbe ulikuwa wa kawaida kabisa: chanjo ya mapele ngozi itatolewa Jumamosi, kila mfugaji alete ng'ombe wake joshoni mapema. Urefu wake ulikuwa herufi kama 150 hivi. SMS moja hubeba 160, kwa hiyo katibu wa ushirika wetu hapa Rungwe alitegemea kulipia SMS moja kwa kila mwanachama. Salio likakatwa la SMS tatu tatu.

"Kaka, hawa wametuibia," aliniambia.

Hatukuibiwa. Salio lililiwa na ritifaa, ile alama inayokaa kati ya ng na o.

Kompyuta huhifadhi namba, na kila herufi imepewa yake. Ritifaa iliyonyooka, ile ya kwenye kibodi, ni namba 39 tangu ASCII, jedwali la namba za herufi la Wamarekani la mwaka 1963. Iliyopinda ni alama nyingine kabisa. Katika Unicode, jedwali la herufi za lugha za dunia, ni U+2019. Programu nyingi za kuandikia hugeuza iliyonyooka kuwa iliyopinda bila kukuuliza, ili maandishi yapendeze. Katibu aliandika kwenye kompyuta ya ofisi, akanakili, akabandika.

SMS ina nafasi ya baiti 140, yaani biti (tarakimu za 0 na 1) 1,120. Jedwali la herufi la GSM, mfumo wa simu za mkononi, hutumia biti 7 kwa kila herufi, ndipo tunapopata 160. Jedwali hilo lina ritifaa iliyonyooka, lina hata Ω ya Kigiriki, lakini iliyopinda haimo. Ikiingia moja tu, ujumbe mzima huhamia kwenye mfumo wa biti 16 kwa kila herufi, na nafasi hushuka hadi 70. Ujumbe ukizidi hapo hukatwa vipande, na kila kipande hubaki na herufi 67 kwa sababu sehemu nyingine hubeba maelezo ya kuviunganisha. Herufi 150, vipande vitatu. Mitambo mingine ya kutuma hurekebisha alama hiyo yenyewe; tunaoutumia sisi haurekebishi.

Kiswahili kina bahati hapa, maana herufi zake zote zimo kwenye jedwali la GSM. Anayeandika Kikuyu kwa usahihi, kwa ĩ na ũ, hubaki na herufi 70 kila mara, na sioni haki yoyote katika hilo.

Mtu mmoja ofisini alipendekeza tuandike "ngombe" na yaishe. Nilikataa na bado nakataa. Sauti ya ng' ni sauti kamili ya lugha yetu, na mfugaji hapaswi kuandikiwa vibaya ili kuokoa salio. Tulizima ugeuzaji ule kwenye programu, na sasa kabla ya kutuma natafuta kila U+2019 na kuweka namba 39.

Daftari la wanachama nalo lilihitaji kusafishwa. Ukitafuta "ng'ombe" kwa ritifaa iliyonyooka, programu yetu haiioni "ng’ombe" ya iliyopinda. Kwake ni maneno mawili tofauti. Unicode ina alama ya tatu, U+02BC, inayohesabiwa kuwa herufi wala si alama ya uandishi, na kwa ng' yetu ndiyo inayostahili hasa. Ila haipo kwenye kibodi za kawaida, wala kwenye jedwali la GSM.