Koli imeandikwa "mpokeaji hakupatikana": namna ninavyoifuata Lubumbashi

Ujumbe wa "mpokeaji hakupatikana" ukiingia, sikimbilii mjini. Kwanza natafuta koli, yaani kifurushi, iko mikononi mwa nani. Kitu kilichoagizwa China au Ubelgiji kinaweza kuwa bado kwa forodha pale uwanja wa ndege wa Luano, kwenye biro ya ajansi ya usafirishaji katikati ya mji, au kwa manseba (dereva wa taksi ya pikipiki) anayezunguka nacho komini (wilaya ya mji) ya Kampemba. Ujumbe wenyewe hausemi.

Namba ya koli ndiyo inayosema. Namba ya posta ina herufi 2, tarakimu 9, halafu herufi 2 za nchi ilikotoka: CN ni China, FR Ufaransa, BE Ubelgiji. Ikianza na R ni rejista (iliyosajiliwa), E ni EMS (huduma ya haraka ya posta), C ni koli ya posta. Ukiona hivyo, anzia posta. Namba ya tarakimu tupu mara nyingi ni ya ajansi binafsi, na posta hawataiona kwenye mashine yao hata ukiwabembeleza. Watu wengi humaliza asubuhi nzima kwenye kaunta isiyowahusu.

Namba ikinakiliwa kwa mkono, 1 na 7 huchanganywa. Mimi huihakiki kabla ya kupanda taksi, kwani tarakimu ya 9 imewekwa kwa kazi hiyo. Zidisha zile 8 za mwanzo, moja moja, kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7, jumlisha, gawanya kwa 11, kinachobaki kitoe kwenye 11. Kwa 12345678 jumla ni 204, kinabaki 6, basi ya 9 lazima iwe 5. Ukipata 10 huandikwa 0, ukipata 11 huandikwa 5. Isipolingana, omba picha ya etiketi (karatasi ya anwani iliyobandikwa kwenye koli) kwa aliyetuma.

Sasa kwa nini "hakupatikana", na wewe ulikuwa lupangoni, nyumbani kwako, siku nzima? Mara nyingi ni simu. Baada ya +243 zinafuata tarakimu 9 tu, ile 0 ya mbele inaondoka. Fomu nyingi za ununuzi huweka +243 zenyewe. Ukiandika tena 0, namba inayochapwa kwenye etiketi haiiti. Na hapa kwetu anayeleta koli hufuata simu kuliko anwani, maana jina moja la avenue unaweza kulikuta katika komini zaidi ya moja. Kwa hiyo naandika komini, kartie (mtaa), avenue, namba, na alama inayoonekana barabarani: kanisa, depo ya vinywaji, rangi ya geti. Simu ya pili naiweka kwenye mstari wa anwani, siiachi kwenye maelezo ya chini ambayo hayachapwi.

Ukipiga simu kwa huduma ya wateja, uliza saa wanayokutajia ni ya wapi. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa 1. Anayejibu huko akisema "njoo kabla ya saa kumi" kwa saa yake, hapa ni saa kumi na moja, na mlango wa biro ya Lubumbashi unaweza kuwa umeshafungwa.

Kwenye kaunta, jina ndilo linalowarudisha watu nyumbani. Karte ya mpiga kura ina jina, postnom (jina la kati) na prenom (jina la kwanza). Maduka ya nje yana nafasi 2 tu, basi postnom huachwa, au prenom hutangulia, na karani anakataa. Kukataa kwake kuna sababu: akimpa koli mtu asiye mwenyewe, atailipa yeye. Usigombane naye. Mwambie kwa upole, "Mama, jina ni lile lile, ni postnom iliyobaki," umpe vitu vinavyolifunga jina hilo nawe: faktire (ankara) ya ununuzi, na ile simu iliyo kwenye etiketi, aipige iite mbele yake. Umeme unaweza kukatika na intaneti ikaondoka nao, kwa hiyo faktire iwe imechapwa, pamoja na fotokopi ya karte. Unamtuma mdogo wako? Mwandikie barua yenye majina yake kamili, namba ya koli, tarehe na sahihi yako, abebe karte yake halisi na fotokopi ya yako.

Dola ziwe safi. Noti iliyochanika hata kidogo pembeni hurudishwa, na kaunta hazina chenji, basi beba franka pia. Wakikutajia gharama ya kutunza koli, uliza inahesabiwa tangu tarehe gani, na kodi ya forodha ioneshwe peke yake kwenye risiti. Koli ikilala, hesabu ya magazinaji, yaani hiyo gharama ya kutunza, inapanda, ndiyo maana ni afadhali kwenda mapema na karatasi zote kuliko kwenda na kurudi.

Usitie sahihi kwenye bodero (karatasi ya kupokea koli) kwanza. Omba koli iwekwe kwenye mizani na ulinganishe na uzito wa etiketi. Pitisha kidole kwenye kingo za karatoni: skochi (utepe wa kubandika) ya asili imelala sawa, iliyorudiwa hufunika maandishi au ina nywele za karatoni chini yake. Msimu wa mvua kagua kitako, ndipo maji huanzia. Ukikuta kasoro, iandike kwenye bodero kwa maneno yako, piga picha ya ukurasa huo karani akiwepo, halafu tia sahihi chini ya ulichoandika.