Suruali ya Kaka

Kaka alikuwa mtoto wa mama mkubwa. Jeshini alikuwa rubani wa ndege za kivita. Kwetu Kirumba, Mwanza, alilala kwenye mkeka sebuleni na kugombea ukoko pamoja nasi. Urubani alisomea China. Alirudi na chupa ya chai yenye maua mekundu, ambayo mama hakuruhusu mtu aiguse.

Nilikuwa na miaka tisa, na kila ndege iliyopaa niliamini anaiendesha yeye. Tukisikia muungurumo tulitoka mbio kupunga mikono. Siku moja akatuambia kwamba kutoka kule juu mtoto haonekani, hata Kirumba yenyewe ukipepesa jicho umeshaipita. Tuliendelea kupunga.

Idi Amin alivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Tarehe 2 Novemba tulijazana kwa jirani mwenye redio kumsikiliza Mwalimu: uwezo, sababu, nia. Wanaume walipiga makofi kama vile Mwalimu anawaona. Mama aliinuka, akasema anakwenda kuangalia maharage jikoni. Siku ile hatukuwa tumepika maharage.

Mara ya mwisho Kaka kuja ilikuwa Februari, nusu siku tu. Alikuwa na bugaluu yake ya kahawia, tukaongozana hadi Makoroboi kwa fundi mmoja aliyeweka cherehani yake barazani kwa Mhindi. Alitaka ipunguzwe chini, na kiuno nacho kibanwe, maana alikuwa amekonda. Angeivaa siku ya kupeleka posa. Fundi alimzungushia futi, akabana pini mbili nyuma, akachora kwa chaki.

"Kwani jeshini hawakupi ugali?"

"Wananipa, fundi. Nauacha huko juu."

Alilipa kabisa, kipande cha karatasi akanipa mimi nitunze.

Wiki tatu baadaye wanajeshi wawili walikuja nyumbani, wakavua kofia mlangoni. Ndege yake imeanguka. Zaidi ya hapo hawakusema, na baba hakuwauliza. Amelala Kaboya, kule Muleba, na wenzake wa vita ile.

Tarehe 29 Machi ndege ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Amin, ilikuja kuipiga Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Watu mjini walicheka sana. Sisi tulikuwa bado hatujaanua tanga.

Kampala ilipoanguka, Aprili 11, mji mzima ulimwagika barabarani kuimba. Mimi nilichomoa kile kikaratasi kwenye daftari la hesabu, nikachepuka kwenda Makoroboi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, baba. Mwenyewe haji kujaribu?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, lakini kilichotoka ni: "Yuko kazini."

"Sasa si watarudi!" Alikuwa na furaha kama kila mtu siku ile. Aliikunjua suruali magotini, akanigeuzia kiuno nione kwa ndani. Mistari ya chaki bado ilikuwepo. "Nimebana alivyotaka, ila kitambaa sijakata, nimekikunja huku. Vita ikiisha mtu hunenepa. Mwambie ikimbana airudishe, nitamfungulia bure."

Akaifunga kwenye gazeti, akanikabidhi.

"Sawa, fundi," nikasema. "Nitamwambia."